Nilidhani Anakula Kwingine

Mwanamke akianza kumhesabia mumewe matonge ya ugali, ujue nyumba hiyo ina jambo. Mimi nilianza kuhesabu mwishoni mwa mwaka 2022. La kwanza, la pili, la tatu, la nne, halafu mtu ananawa mkono. "Nimeshiba, mama." Umeshiba nini jamani, na sahani bado ina mlima?

Mpenzi msomaji, naomba unielewe. Nimeolewa na mtoto wa ziwani, mtu wa Sengerema. Siku alipokuja kujitambulisha nyumbani kwetu Korogwe alikula nusu ya kuku, ugali wa watu wawili, na bado akaulizia kama kuna ndizi. Mama yangu alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu utaweza kumlisha?" Nikacheka. Kwa miaka sita kumlisha ndiyo ilikuwa lugha yetu. Mimi ni afisa utumishi, narudi nyumbani Kimara saa moja jioni nimechoka mpaka kope, lakini ugali wa baba mtoto wangu nilisonga mwenyewe. Dada wa kazi alikuwa haruhusiwi kugusa ule mwiko. Ndiyo maana yale matonge manne yaliniuma kuliko tusi.

Na hayakuja peke yake. Tumbo lilikuwa linakua, ofisini kwao wakawa wanamtania, "Bosi, kitambi cha pesa hicho." Lakini mashavu yalikuwa yanaingia ndani, na mabega ya shati yakawa yananing'inia. Usiku anatoka jasho la kulowesha shuka, mpaka akahamia kwenye kochi sebuleni, eti chumbani kuna joto. Chumba chenyewe kina feni mbili. Akawa hataki nimkumbatie kwa nguvu. Nikimlalia upande wa kushoto anashtuka kama nimemgusa na pasi. Simu nayo ikaanza kulala kifudifudi.

Wewe ungewaza nini? Mimi niliwaza nyumba ndogo. Saluni ninakosuka, shoga yangu mmoja, mtaalamu wa ndoa za watu ingawa yake ilishamshinda, alinipa hesabu kabisa: "Mwanaume anayeshiba kwako kwa matonge manne, ujue mengine kumi na sita keshayala kwingine." Tukacheka wote. Nyumbani sikucheka.

Siku ya wapendanao, Februari 2023, alinipeleka Mikocheni kwenye mgahawa wa bei mbaya. Nilivaa gauni jekundu, nikanukia. Akala vipande vitano vya chipsi na robo ya samaki, akaanza kubonyeza simu chini ya meza. Nilikwenda chooni nikalia, nikapaka wanja upya, nikarudi tukapiga picha. Watu waliisifia sana ile picha.

Wiki mbili baadaye nilifanya lile ambalo kurasa hizi zinatukataza kila mwezi. Alikuwa anaoga. Simu ikalia, nikaigeuza. Jina: Sista. Ujumbe: "Kesho saa mbili kamili usichelewe. Usile wala kunywa kitu asubuhi."

Kwa akili zangu za wakati ule, yote yalikuwa yamejibika. Sista! Tena anampangia mpaka asile kwangu! Alipotoka bafuni na taulo nilikuwa nimesimama mlangoni, simu mkononi, sauti imeshapanda. Nilisema mengi. Mengine siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama mkwe wangu husomewa gazeti hili na wifi yangu.

Hakujibu. Akaketi kitandani, akanishika mkono, akauweka chini ya mbavu zake za kushoto. "Bonyeza taratibu," akasema. Palikuwa na kitu kigumu kimetokeza chini ya mbavu, kina ukingo kama wa sahani. Akavuta pumzi, kile kitu kikashuka kikagonga vidole vyangu.

"Sista ni nesi wa ultrasaundi," akasema. "Sikutaki kukutisha kabla sijajua ni nini."

Nikaketi sakafuni. Taulo lake lilikuwa linadondosha maji, na mimi nilikuwa bado nimeishika simu kama polisi aliyeshika kielelezo.

Kumbe alikuwa anahangaika tangu Oktoba. Zahanati moja karibu na ofisi yao ilikuwa imemtibu malaria mara tatu na taifodi mara mbili, bila mtu hata mmoja kumlaza kitandani akamgusa tumbo. Homa zilikuwa za kupanda na kushuka, bega la kushoto linauma, akila kidogo anajisikia kama amemeza tofali. Daktari wa nne ndiye aliyemwambia avue shati, akapapasa, akasema, "Kaka, bandama yako imekua sana. Tutafute sababu."

Kesho yake sikwenda kazini, tukaenda wote. Nilimwomba radhi yule sista bila yeye kujua kosa langu. Akasema, "Hamna shida dada," akaendelea kupaka ile jeli ya baridi.

Mimi, na shahada yangu, sikuwa nafahamu bandama ni ya nini. Nilijua ipo kwenye supu. Daktari alituchorea kwenye karatasi: iko nyuma ya tumbo la chakula, chini ya mbavu za kushoto, ukubwa wa ngumi, uzito wa gramu 150 hivi. Wengine huiita wengu. Inachuja damu, inaondoa chembe nyekundu zilizozeeka, na inalinda mwili dhidi ya baadhi ya bakteria hatari. Ya mtu mzima ikiwa sawa kwa kawaida huwezi kuishika kwa mkono. Ukiweza kuishika basi imeshakua. Yake ilikuwa na urefu wa sentimita 19, wakati nyingi hazizidi 12 au 13. Ilikuwa inalikandamiza tumbo la chakula, ndiyo maana matonge manne yalikuwa yanajaza nafasi yote. Nilipoelezwa hivyo nilijisikia mdogo kama punje ya ulezi.

"Ulizaliwa wapi?" daktari akamwuliza. Sengerema. "Uliogelea ziwani?" Mume wangu akacheka. Mtoto wa ziwa gani asiyeogelea? Hapo daktari akatueleza kwamba kwa watu wetu bandama ikivimba, kitu cha kwanza kufikiriwa si uvimbe wa saratani. Ni kichocho cha tumbo, ambacho huweka makovu kwenye ini mpaka damu inarudi nyuma na kuivimbisha bandama. Ni malaria ya kurudiarudia miaka na miaka. Ni magonjwa ya ini, ni kifua kikuu kilichotoka kwenye mapafu. Uvimbe unaoota ndani ya bandama yenyewe ni kitu adimu.

Akaona pia mistari mitatu midogo kwenye ubavu wa mume wangu. Mimi nilikuwa naijua ile mistari, nimeipitisha vidole mara ngapi, nikidhani ni alama za mpira wa utotoni. "Hizi ulichanjwa bandama?" Ndiyo, akiwa na miaka mitano, na bibi yake. Miaka sita ya ndoa, na daktari amejua kwa dakika kumi kitu nisichojua mimi.

Lakini ile ultrasaundi ilikuwa na neno lingine. Bandama ya kichocho au ya malaria huvimba yote kwa pamoja, ndani ikabaki laini. Ya mume wangu ilikuwa na dude ndani yake, bonge la sentimita nane, lenye rangi tofauti na nyama inayolizunguka. Choo kikapimwa kichocho, akapewa na dawa zake hata hivyo kwa usalama. Malaria ikapimwa, ini likapimwa, makohozi yakapimwa. Tukaandikiwa CT-skani ile ya kuchomwa dawa mshipani ili mishipa ionekane vizuri. Bima ya ofisini kwao ilichukua wiki nne kuidhinisha. Wiki nne! Kwa hizo wiki nne nilijifunza kuchukia ile sauti ya "simu yako ni muhimu kwetu" kuliko sauti ya mbu.

Daktari akataka pia kipimo cha VVU, kwa sababu moja ya saratani alizokuwa anazifikiria huwapata zaidi wenye virusi. Jamani, kupima ngoma mkiwa wachumba ni jambo moja, mnapimwa mkiwa mnashikana mikono na mchungaji amewapangia tarehe. Kupima baada ya miaka sita, ukiwa umetoka kumtuhumu mwenzako kuwa ana kimada, ni jambo lingine. Tulikaa kwenye lile benchi kama watu wasiofahamiana. Akaniambia bila kunitazama, "Mama, mimi sijawahi." Nikasema, "Najua." Sikuwa najua. Majibu yalikuja salama, yake na yangu, na mpaka leo sijamwambia kwamba zile dakika ishirini nilishamwacha, nikagawana naye vyombo, nikahamia Korogwe na mtoto.

Picha za CT zilikuja mwezi wa Aprili. Bonge lilikuwa moja kubwa, na mengine mawili madogo pembeni. Daktari wa upasuaji hakutuficha. Alisema linaweza kuwa hemanjioma, yaani fundo la mishipa ya damu, ambalo ndilo uvimbe usio saratani unaoonekana zaidi kwenye bandama. Mtu anaweza kuishi nalo bila kujua. Linaweza kuwa saratani ya mitoki, limfoma, ambayo ndiyo saratani inayoipata bandama kuliko nyingine. Linaweza kuwa mbegu ya saratani iliyotoka kwingine. Picha peke yake haisemi. Nikamwuliza mbona hachomi sindano achukue kipande, kama wanavyofanya kwenye titi? Akasema bandama ni sifongo lililojaa damu, ukilitoboa linaweza kuvuja ndani kwa ndani. Zipo hospitali zinazofanya hivyo na wagonjwa wakatoka salama, lakini kwa bandama kubwa namna ile, yenye mabonge yasiyoeleweka, yeye aliona heri kuitoa yote. "Tutakuwa tumempima na tumemtibu kwa kisu kimoja," akasema. Neno kisu alilitamka kama mtu anayesema kijiko.

Hapo ndipo mama mkwe alipopanda basi kutoka Mwanza.

Mama yule nampenda, nalisema hili mapema. Alifika na mfuko wa dagaa, chupa ya mafuta ya kondoo na wembe mpya kwenye karatasi. Kwao mtoto mwenye bandama huchanjwa na kupakwa dawa, kisha hukandwa kwa mafuta ya moto mpaka ivimbuke. "Ilipona utotoni kwa wembe, kwa nini sasa apasuliwe kama ng'ombe?" Mume wangu, mhasibu mwenye tai, alikuwa anamtazama mama yake na ule wembe kwa macho ya mtu anayefikiria. Nilimpigia simu daktari palepale nikaweka sauti kubwa. Akamsalimia mama kwa heshima, shikamoo yake ikaitikiwa, akamwambia: mama, bandama iliyovimba hivi ikikandwa inaweza kupasuka, na ikipasuka mtu hufa kwa damu yake mwenyewe tumboni kabla hajafika hospitali. Mama mkwe alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniuliza mafuta ya kondoo tunaweza kupikia nini.

Kabla ya upasuaji kuna chanjo. Mtu asiye na bandama anakuwa hana yule mlinzi wa mlangoni, kwa hiyo lazima achanjwe mapema dhidi ya bakteria wa nimonia, wa homa ya uti wa mgongo na wengine wa aina hiyo, angalau wiki mbili kabla ya kisu. Chanjo ya nimonia ya watu wazima tuliisaka Dar nzima, tukaipata kwenye hospitali moja binafsi. Ya uti wa mgongo tuliipata kirahisi, kwa sababu ilikuwa mwezi wa Mei na wanaokwenda Hija lazima wachanjwe. Basi mume wangu, mzee wa kanisa mtarajiwa, akapanga foleni katikati ya mahujaji wamevaa kanzu. Mzee mmoja akamwuliza anaondoka na kundi gani. Akajibu, "Mimi nabaki, mzee, niombee huko." Yule mzee akaandika jina lake kwenye daftari. Nililia njia nzima kurudi.

Juni 2023 wakampasua, kuanzia chini ya kifua kushuka karibu na kitovu. Saa tatu na nusu. Ndugu walishatoa damu, shemeji yangu akatoa, na yule shoga wa saluni pia akatoa, nampa heshima yake. Bandama ilitoka nzima, kilo moja na gramu mia sita. Nilionyeshwa kwenye beseni. Ilikuwa ya zambarau iliyoiva, na nilikuwa na hasira nayo kama vile ni yule mwanamke niliyekuwa namtafuta miezi yote ile.

Alipozinduka alipewa puto apulize ili mapafu yafunguke, hasa la kushoto. Chembe sahani za damu zikapanda sana, kitu cha kawaida bandama ikitolewa, akawekwa kwenye aspirini ili damu isigande. Siku ya sita tukarudi Kimara. Kisha tukaanza kungoja maabara, na kungoja huko ni kubaya kuliko kisu. Wiki tatu. Usiku tulikuwa tunalala tumetazamana tukiongea vitu vya ovyo, nani alimwoa nani Korogwe, nauli ya kwenda Mwanza mwaka aliomaliza chuo. Sijawahi kuongea na mume wangu namna ile tangu tulipokuwa tunapigiana simu za usiku kwa vifurushi vya bei nafuu.

Majibu: limfoma ya seli B kubwa. Saratani. Aina inayokua haraka, na isipotibiwa huua haraka, lakini daktari akasema palepale, bila kuvuta pumzi, kwamba ni aina ambayo wengi hupona kabisa kwa dawa. Wakapima uboho, yaani ule urojo wa ndani ya mfupa, ukawa msafi. Mitoki mingine haikuwa na kitu. Ilikuwa imejifungia kwenye bandama peke yake. Wakapima pia homa ya ini aina ya B, kwa sababu mojawapo ya zile dawa inaweza kuiamsha ikiwa imelala mwilini.

Matibabu tulifanyia Ocean Road, ile taasisi ya saratani pale ufukweni yenye majengo ya kale ya Wajerumani. Dozi sita, kila baada ya siku 21. Ni dawa tano kwa pamoja, wenyewe wanaziita R-CHOP, na hiyo R ndiyo iliyotumaliza mfukoni. Bima ililipa mengi lakini si yote. Tuliuza gari, Toyota IST yetu ya bluu, shilingi milioni 8 na nusu, kwa jirani ambaye kila asubuhi bado naiona ikitoka geti la pili. Tukarudi kwenye mwendokasi, mimi na mgonjwa wangu amevaa barakoa, nikiwatazama vijana kwa jicho la kuomba siti.

Kabla ya dozi ya kwanza daktari alitutoa faragha. Akasema dawa hizi zinaweza kupunguza au kuua uwezo wa kuzaa. Kama tunataka mtoto mwingine, tufikirie kuhifadhi mbegu kwenye barafu kabla hatujaanza. Binti yetu alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumeshapanga wa pili, tumeshapanga hata jina. Tukaulizia bei kwenye kliniki moja. Usiku ule tulikuwa na hela ya kitu kimoja, mbegu au ile R ya mwanzo. Niliamua mimi. Nilisema, "Nakutaka wewe kwanza." Ni sentensi nzuri, hata kwenye kadi ingependeza. Lakini mwenye mbegu hakusema kitu, na nadhani ningempa siku moja zaidi ya kusema.

Dozi ya kwanza alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Nesi akaifunga dripu, akamchoma sindano, akaifungua tena taratibu, matone kama ya bomba bovu. Ilikwenda kutwa nzima. Kuna dawa nyingine nyekundu kama sharubati, siku hiyo mkojo unatoka mwekundu. Hakuna aliyetuambia, akaniita chooni akipiga kelele. Nywele zilianguka wiki ya tatu. Akawa anatapika, vidole vikafa ganzi, akashindwa kufunga vifungo vya shati, nikawa namfunga kila asubuhi kama mtoto wa chekechea. Kitandani tulikuwa tunatumia kondomu, siku ambazo palikuwa na haja yake, na mwaka mzima baada ya dozi ya mwisho, ndivyo daktari alivyotaka. Muuza duka la dawa alishatuzoea, akadhani tuna mapenzi makali sana.

Sasa nisikilize. Katika zile dawa tano kuna moja ya vidonge, prednisoloni, anaimeza siku tano za mwanzo za kila dozi. Na hiyo jamani inaleta njaa. Usiku wa pili wa dozi ya pili nilisikia sufuria jikoni, saa tisa usiku. Nikadhani mwizi. Nikatoka na fimbo ya feni, nikamkuta mume wangu, kipara kinang'aa, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anakula kiporo cha ugali na maharage kwa mkono. Alinitazama kwa aibu kama amefumaniwa. Nikaweka fimbo chini, nikawasha jiko, nikamkaangia mayai manne. Akala yote. Nikakaa pale sakafuni jikoni namtazama.

Alimaliza Novemba 2023. Picha za Desemba zilikuwa safi, na za kila miezi mitatu baadaye.

Watu hudhani hapo hadithi imekwisha. Mtu asiye na bandama ana maisha yake. Kila siku anameza kidonge cha penisilini. Ana kadi kwenye pochi inayosema hana bandama. Akiumwa na mbwa, hospitali hata kama ni alama ya jino tu. Na homa, wenzangu, homa kwake si ya kupaka maji na kungoja asubuhi. Kuna bakteria wanaoweza kumwondoa mtu asiye na bandama kwa siku moja, na malaria pia humkamata vibaya zaidi.

Desemba 2024 tulikwenda Sengerema kula Krismasi. Wakati huo Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa, lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo tulivuka kwa kivuko, yeye amesimama mbele kabisa anamwonyesha binti yetu maji aliyoogelea, mimi nikimwambia asithubutu hata kuyagusa. Neti tulibeba zetu. Lakini jioni wanaume hukaa nje, ndiyo desturi, na mbu nao wana desturi zao.

Usiku wa tarehe 28 saa saba akaniamsha. Meno yanagongana. Kipimajoto changu, natembea nacho kwenye mkoba kama lipstiki, kikasema 39.1. Nikampa palepale vidonge vya akiba vya antibiotiki, nikaanza kutafuta bodaboda au gari, chochote. Nyumba nzima ikaamka. Mama mkwe akaniambia kwa upole, "Mkamwana, homa ya usiku ni ya kawaida huku, njia ni mbaya, subirini kupambazuke."

Nikamfokea mama mkwe wangu. Mbele ya wakwe, mashemeji, wageni wa Krismasi na wazee wawili wa ukoo. Nilisema, "Kukipambazuka mama utakuwa unaosha maiti!" Kimya kilichofuata, ungesikia kuku akigeuka kwenye banda. Shemeji mdogo akatoka mbio kumwamsha jirani mwenye pikapu.

Hospitali walimchoma antibiotiki ya mshipani kabla hata majibu hayajatoka, niliwaonyesha kadi wakaelewa. Damu ilikuwa imejaa vijidudu vya malaria. Wakamwanzishia sindano za malaria kali. Daktari kijana wa zamu alisema tungengoja mchana ingekuwa habari nyingine, kisha akaenda kumwona mgonjwa wa kitanda kinachofuata.

Asubuhi mama mkwe alikuja na chupa ya uji. Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe, jana nilikukosea adabu mbele za watu." Akawa anafungua ule mfuniko polepole.

"Umenifokea kwa ajili ya mwanangu," akasema. "Leta kikombe."

Mtoto wa pili hatujampata. Tulipima mwaka huu, mbegu zipo, chache na za mwendo wa pole, daktari anasema tujaribu bado. Tunajaribu. Kuna miezi nanuna, kuna miezi ananuna yeye, na lile jina tulilopanga hatulitaji.

Jumapili iliyopita nilisonga mwenyewe, ugali na sato wa kuchemsha, na binti yetu alishamaliza akaenda kucheza. Mume wangu alikuwa anaongea habari za kazini, mdomo umejaa. Alipofika mahali akanyamaza, akanitazama.

"Mama, yamefika mangapi?"

"Kumi na moja."

Akamega la kumi na mbili.